Ubao Unaoyumba kwa Kipimo

Ubao wa mizani ukiuona umelala sakafuni hautakushtua. Ni ubao bapa, sentimita 60 kwa 60 hivi. Chini yake vimeshikizwa vipande viwili vya mbao vilivyokatwa upinde, na kwenye ncha za pinde hizo kuna vizuizi vidogo vya kuuzuia usipinduke. Hauna springi wala injini. Seremala aliyezoea kazi anaweza kuukamilisha kati ya asubuhi na jioni. Lakini ukimkalisha juu yake mtoto ambaye kiwiliwili chake bado hakijajua kujishika, kisha ubao ukaanza kuinama polepole upande wa kushoto, utaona mambo mengi yakitokea kwa pamoja: shingo inatafuta wima, mbavu za upande mmoja zinajikunja, mkono wa upande unaoinama unafunguka kuitafuta sakafu. Hakuna aliyemwambia mtoto afanye hivyo. Ubao ndio uliomuuliza swali, na ugumu wa swali hilo ulipimwa mapema na mtu mwenye penseli, uzi na msumari.

Kazi nyingi za seremala husifiwa kwa kutotikisika. Kitanda kikilia, meza ikicheza, mlango ukining'inia, fundi huona aibu. Anayetengeneza vifaa vya kumfunza mtoto mizani hutakiwa kuigeuza sifa hiyo. Anaunda kitu kinachoyumba, na kuyumba kwenyewe kuna kiasi. Kikitulia mno, mwili wa mtoto hukaa bure kwa sababu umeshafanyiwa kila kitu. Kikiyumba mno, mtoto huogopa, misuli hukakamaa, na penye hofu hakuna somo linaloingia. Kati ya hapo pana nafasi nyembamba, tena haifanani kwa watoto wawili. Ufundi wote wa vifaa hivi, kuanzia kiti cha pembe hadi fito za kujifunzia kutembea, ni ufundi wa kupima msaada: kutoa unaotosha, na kujua siku ya kuupunguza.

Ufundi huu nauangalia kutokea Nyangwe, jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukingo wa kulia wa mto Lualaba, kaskazini-magharibi ya Kasongo, kwa sababu huko watu wameujua mchezo wa kuyumba na kutulia tangu zamani. Kabla mbao za kupasua hazijafika, kulikuwa na mtumbwi. Wagenya, wavuvi na wavushaji wa mto, ndio walioshika njia ya maji, na asiye na mtumbwi hakuwa na safari. David Livingstone alifika Nyangwe Machi 1871, akakaa miezi akiomba mitumbwi asiipate, hadi mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai yalipomfanya aondoke. Verney Lovett Cameron alifika mwaka 1874, naye akaambulia patupu. Soko lenyewe, ambalo wageni hao waliandika habari zake kwa mshangao, lililetewa watu na bidhaa kwa mitumbwi.

Mtumbwi wa gogo moja huchongwa kwa shoka na tezo, na mchongaji hulitazama tumbo lake kuliko kitu kingine. Tumbo lenye duara kali hugeuka upesi na humwangusha mgeni. Tumbo lililotandazwa hutulia, ila huwa zito kusukuma. Mtoto wa mtoni husimama ndani ya chombo hicho na upondo mkononi, magoti yamelegea kidogo, nyonga zikifuata maji, na hakuna aliyemfungulia darasa. Kanuni iliyo chini ya nyayo zake ndiyo iliyo chini ya ubao wa mizani: ukali wa duara ndio unaoamua mwili utaulizwa swali gumu kiasi gani. Mtoto asiyeweza kusimama mtumbwini anahitaji mtumbwi wake mdogo wa nchi kavu, uliochongwa kwa kiasi chake.

Watoto wa namna hiyo hawako mbali. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili katika Kongo nzima alipooza tarehe 20 Desemba 2011 katika zoni ya afya ya Lusangi, humu humu kusini mwa Maniema. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi hivyo vya asili. Katikati ya tarehe hizo mbili, mwaka 2017, Maniema ilipata tena watoto waliopooza kwa polio ya aina ya pili, ile inayozuka pale virusi dhaifu vya chanjo vinapozunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa. Wapo pia wenye mtindio wa ubongo, ambao ubongo wao uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa uzazi mgumu, au utotoni kwa manjano ya watoto wachanga, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Na katika nchi zinazokula muhogo mchungu kuna konzo, ugonjwa ulioandikwa mara ya kwanza na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 huko Kwango, na uliokwisha kuonekana Kivu ya Kusini na hata Tarime, Tanzania. Muhogo usiolowekwa vya kutosha, ukiliwa wiki kwa wiki bila kitoweo, hukaza miguu ghafla, na miguu hiyo hailegei tena.

Fundi anahitaji kuzijua tofauti hizi kama anavyojua tofauti ya miti. Mguu wa polio ni mlegevu, misuli imenyamaza, lakini ngozi inahisi na akili iko timamu; mtoto huyo anahitaji fito za kushika na mikono yenye nguvu. Mguu wa konzo umekaza, ila mikono ni mizima. Fimbo moja au mbili zinaweza kumrudisha njiani. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kukaza mwili mzima, au upande mmoja tu, au kuwa na viungo vinavyocheza bila kuamriwa. Kiti kizuri kilichotengenezwa bila kujua hayo ni fanicha ya kupamba nyumba.

Mwili wenyewe husimama kwa ushahidi wa aina tatu. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu iliyojaa maji inayopeleka habari kila kichwa kinapogeuka. Macho huangalia kilicho wima: nguzo, mlango, mama. Nyayo, viungo na misuli huripoti uzito umeegemea wapi. Ubongo hukusanya ushahidi huo na kutoa amri kabla mtu hajajua kuwa ameyumba. Na mizani huja kwa mpangilio: kichwa kwanza, kisha kiwiliwili, nyonga, mwisho miguu. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wazima wa Oman, Ghana, India, Norway na Marekani, na mwaka 2006 likachapisha matokeo: kukaa bila kushikwa huja kati ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea peke yake kati ya miezi 8.2 na 17.6. Tazama upana wa nafasi hizo kwa watoto wasio na tatizo lolote. Kama hao hawawezi kufungwa kwenye jedwali moja, basi mtoto mwenye ulemavu hawezi kupimwa kwa kiti cha jirani.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kupima, na hapa ndipo fundi mwema anapojitenga na fundi wa haraka. Mtoto huketishwa juu ya benchi, au hulazwa mkekani kama hawezi kukaa, na vipimo huchukuliwa kwa futi, au kwa uzi unaofungwa fundo kwa kila kipimo: nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, nyuma ya goti hadi kisigino, upana wa nyonga, kitako hadi kiwiko, kitako hadi kwapa. Kila namba ina sababu. Kina cha kiti kinapaswa kuwa pungufu ya paja kwa upana wa vidole viwili hivi. Kikizidi, ukingo wa ubao husukuma shavu la mguu, mtoto huteleza mbele, nyonga hulala, mgongo hupinda, na kifua hubanwa. Sentimita tatu za ubao uliozidi zinaweza kumnyima mtoto pumzi ya kutosha kulia vizuri.

Baada ya vipimo huja maswali, na mtu wa kuulizwa ni mama. "Mama, akila huangukia upande gani? Akilia, miguu hupishana? Na akicheka je?" Swali la kucheka si la kufurahisha mtu. Mwili wa mtoto mwenye mkazo hukaza zaidi anapofurahi kuliko anapopumzika, na kiti kinachomfaa akiwa amesinzia kinaweza kumtema anapoona ndugu zake wakicheza. Mama aliyembeba mtoto miaka minne anayajua haya kwa mgongo wake. Fundi anayeanza kukata kabla ya kumsikiliza anafanya kazi na nusu ya vipimo.

Kiti cha pembe ndicho kifaa cha kwanza kwa wengi. Mbao mbili husimamishwa zikutane kwa pembe mraba, na mtoto huweka mgongo kwenye kona. Siri yake iko mabegani. Mtoto mwenye mkazo hurudisha mabega nyuma na mikono hutawanyika, kila mmoja upande wake, isikutane kamwe. Kona huyasukuma mabega mbele kwa upole, mikono inakutana mbele ya kifua, na kwa mara ya kwanza mtoto anaweza kushika kikombe kwa mikono miwili. Seremala hukagua kona hiyo kwa guni mara kwa mara, maana ikifunguka kidogo kupita kiasi mabega hurudi nyuma, na ikifumba inambana.

Ndipo huja mambo madogo yanayotofautisha kazi na kazi. Mtoto mwenye kano ngumu nyuma ya mapaja akikalishwa sakafuni miguu imenyooka, kano hizo huvuta nyonga nyuma, na kona yote haina maana tena. Fundi anayelijua hilo humwinulia kitako kwa ngazi ndogo ili magoti yakunjike. Kigingi cha katikati ya miguu, kinachozuia mapaja yasipishane, huwekwa karibu na magoti. Kikisogezwa kwenye kinena humwumiza, na fundi aliyekiweka hapo alitaka kizuie kuteleza, kazi ambayo si yake. Kuteleza huzuiwa na mkanda unaopita juu ya nyonga, umeelekezwa chini na nyuma. Kando zote hulainishwa kwa msasa. Penye mfupa huwekwa mto wa sufi au kipande cha godoro, na juu yake kitambaa kinachofulika, kwa sababu mtoto huyo atakojoa hapo kama watoto wengine.

Ninachokistahi zaidi katika kiti hicho ni mgongo wake. Fundi mwenye kuona mbali haupigilii kwa ubao mmoja. Huujenga kwa vibanzi vya mlalo, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kimeshikwa kwa skrubu au kwa ulimi ulioingia kwenye tundu na kufungwa kigingi. Mwanzoni mgongo hufika mabegani. Kichwa kikishatulia, kibanzi cha juu huondolewa. Mtoto huyumba siku kadhaa, kisha mwili huokota kazi iliyoachwa. Baadaye huondolewa cha pili, mgongo ukabaki chini ya mbavu, hatimaye kiunoni tu. Maendeleo ya mtoto huonekana kwenye rundo la vibanzi vilivyowekwa pembeni. Aliyeamua siku ya kwanza kutumia skrubu badala ya misumari aliamini kwamba mtoto huyu atasonga mbele, na akaiweka imani hiyo ndani ya mbao.

Sasa turudi kwenye ubao unaoyumba, kwa sababu huko hesabu na mkono hukutana. Pinde mbili huchorwa kwa uzi: msumari hupigwa sakafuni, uzi hufungwa, na makaa au penseli ya mwisho wa uzi huzunguka juu ya ubao. Urefu wa uzi ndio roho ya kifaa. Chukua upinde wa sentimita 60 kutoka ncha hadi ncha. Uzi ukiwa wa sentimita 90, tumbo la upinde hushuka sentimita 5 na kidogo, na ubao ukiinama hadi mwisho hufika karibu digrii 20. Uzi ukifupishwa kuwa sentimita 60, tumbo hushuka sentimita 8, na mwinamo hufika digrii 30. Ukikaza zaidi, uzi wa sentimita 45, tumbo linapita sentimita 11. Hicho ni chombo cha mwanasarakasi.

Lakini mwinamo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni hii: kitovu cha uzito wa mtoto kikiwa chini ya pale msumari ulipokuwa, ubao hurudi wenyewe; kikipanda juu ya hapo, ubao haurudi mpaka mtoto aurudishe. Mtoto mwenye urefu wa mita moja akikaa, kitovu hicho kiko chini sana, na upinde wa uzi wa sentimita 60 utamrudisha bila shida. Akisimama, kitovu chake hupanda hadi nusu mita na zaidi juu ya nyayo. Ongeza unene wa ubao na tumbo la upinde, nacho kimepita sentimita 60. Ubao uleule uliompenda alipokaa humgeuka aliposimama. Seremala asiyejua fizikia ya shule anaweza kulijua hilo kwa kujaribu, kama mchonga mtumbwi anavyolijua. Ndiyo maana vituo vizuri huwa na mbao mbili au tatu zenye pinde tofauti, na mtoto hupanda kutoka moja hadi nyingine.

Pinde za ubao mmoja ni lazima zilingane kabisa. Zikitofautiana kwa milimita chache, ubao hujipinda unapoinama, na mtoto hujifunza kusahihisha kosa la seremala. Njia ya kuepuka hilo ni ya zamani na nzuri: mbao mbili hushikizwa pamoja kwa misumari ya muda, hukatwa kwa msumeno mmoja, hupigwa randa na tupa kwa pamoja, ndipo zitenganishwe. Kisha chini ya kila upinde hutandikwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, umepigiliwa pembeni ili kichwa cha msumari kisiguse sakafu. Mpira huo hupunguza mwendo na kelele. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akishtuliwa hurusha mikono na kukaza mgongo, na mazoezi ya asubuhi nzima huharibika. Ubao unaokwenda polepole humpa muda wa kujibu. Penye sakafu ya udongo pinde huchimba, kwa hiyo huwekewa ubao mpana wa chini wa kukimbilia.

Kabla ya mtoto kupanda, hupanda mchanga. Mfuko wenye uzito unaokaribia wake huwekwa katikati, ubao husukumwa na kuachwa. Unapaswa kuyumba sawa pande zote na kutulia palepale. Vizuizi vya kwenye ncha hupunguzwa au kuongezwa kwa patasi hadi mwinamo wa mwisho uwe ule uliotakiwa na mtaalamu wa viungo, yule ambaye Wakongo humwita kine.

Hapa ni haki kusema ubao huu hauwezi nini. Katika miaka ya 1940 Berta Bobath, mtaalamu wa mazoezi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, pamoja na mumewe daktari Karel, walianzisha London njia ya kumshika na kumwelekeza mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambayo ilienea duniani kote. Tangu hapo utafiti umesonga. Mapitio makubwa yaliyoongozwa na Iona Novak wa Australia mwaka 2013 yaliweka uzito kwenye kazi ambayo mtoto mwenyewe anaitaka na anaifanya, kuliko kutingishwa na mtu mzima. Kumwinamisha mtoto kushoto na kulia bila lengo ni kumchosha. Lakini ukiweka embe upande wake wa kulia, mbali kidogo na mkono, ubao hupata maana: ananyoosha mkono, ubao unainama, mwili unajibu, embe linashikwa. Fundi anayelifahamu hilo haishii kwenye ubao. Hutengeneza na meza ndogo ya kimo cha kiwiko, yenye kingo za kuzuia kikombe kisianguke, na kuisogeza vidole vichache mbali zaidi kila mtoto anapozoea.

Fito za kujifunzia kutembea hudharauliwa kwa urahisi wake: miti minne yenye panda imesimikwa ardhini, na fito mbili za mianzi au za mti mgumu zimelazwa juu yake. Kazi yake iko kwenye kimo. Mtoto akisimama mikono imeshuka, ufito unapaswa kufika mahali ambapo akiushika kiwiko kinapinda kidogo. Ukiwa juu, mabega hupanda na mtoto hujitundika. Ukiwa chini, huinama na kuitazama miguu badala ya njia. Upana huacha vidole vichache kila upande wa nyonga, usizidi, la sivyo mikono hutanuka na haina nguvu. Gome huondolewa, mafundo ya mti hulainishwa moja moja, kwa sababu kiganja cha mtoto wa polio hubeba kazi ya mguu mzima na hakistahili kuchanwa.

Baada ya fito huja kigari cha kusukuma: sanduku la mbao lenye magurudumu na mpini wa kimo cha nyonga. Kikiwa kitupu hukimbia na kumwangusha mtoto, kwa hiyo hujazwa mawe. Mawe hayo ni kipimo kingine cha msaada. Mtoto anapoanza, sanduku huwa zito na mwendo wa polepole. Jiwe moja hutolewa anapoweza kusimama na kugeuka, jingine anapoweza kupita penye mteremko mdogo. Kila jiwe linalotoka, mzigo wa kujishika unahama kutoka kwenye kigari kwenda kwenye misuli yake.

Pale mbao zinapokuwa ghali kuna njia iliyotoka Zimbabwe. Bevill Packer aliieneza teknolojia ya karatasi, na mwongozo wake ulichapishwa Harare mwaka 1995. Maboksi makuukuu hukatwa na kubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga, mistari ya tabaka moja ikivuka mistari ya tabaka linalofuata, kama nyuzi za mbao za plaiwudi. Karatasi hukunjwa kuwa vijiti vigumu vya kushikiza kona. Kila kitu hukandamizwa chini ya mawe, hukaushwa jua, hufunikwa karatasi nyembamba na kupakwa vanishi. Kiti kinachotoka humbeba mtu mzima. Magharibi mwa Kenya wataalamu wamewakalisha watoto wenye mtindio wa ubongo kwenye viti vya namna hii. Kusini mwa Maniema uji huo ungepikwa kwa unga wa muhogo, na adui yake angekuwa unyevu: kazi ya karatasi ingefaa ianzwe kiangazi, Juni hadi Agosti, na kila tabaka lingojewe likauke kabla ya jingine. Haraka huzaa ukungu ndani ya kiti kinachoonekana kizima.

Kongo si nchi ya kufundishwa kwamba mtu mwenye ulemavu anaweza kutengenezewa chombo na fundi wa mtaani. Kundi la muziki la Staff Benda Bilili, ambalo wanamuziki wake wengi waliugua polio, lilizunguka Kinshasa kwa baiskeli za magurudumu matatu zilizoundwa humo humo mjini, kila moja na umbo lake, kabla albamu yao ya mwaka 2009 haijawapeleka Ulaya. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, Goma kuna Shirika la Umoja, ambako viungo bandia na vifaa vya kutembelea hutengenezwa. Moshi, Tanzania, chuo cha TATCOT kimefundisha mafundi wa viungo tangu mwaka 1981. Lakini kutoka Nyangwe hadi Bukavu ni safari ambayo familia nyingi haziwezi kuirudia kila mtoto anapoongezeka sentimita nne. Mtoto hukua. Kifaa kinachohitaji kukatwa upya kila baada ya miezi michache kinahitaji fundi anayefikika kwa miguu au kwa mtumbwi.

Aliyelieleza hili vizuri kuliko wengi ni David Werner, mwandishi wa kitabu kinene cha mwaka 1987 kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini. Yeye mwenyewe ana ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli ya miguu. Utotoni alivalishwa vyuma na wataalamu ambao hawakumuuliza kitu, na vikamzidishia udhaifu. Miaka mingi baadaye, katika karakana ya PROJIMO kwenye kijiji cha Ajoya, Mexico, iliyoanzishwa mwaka 1981 na kuendeshwa na watu wenye ulemavu, fundi wa pale, naye mwenye ulemavu, alikaa naye, akamuuliza, akajaribu, akabadilisha, akajaribu tena, hadi vifaa vikamfaa. Maarifa ya wale wa kwanza hayakupungua. Walichokosa ni mazungumzo na mwenye mguu.

Ndiyo maana naamini kazi hii inapaswa kuhesabiwa kuwa ufundi kamili, wenye mwalimu na mwanafunzi, badala ya sadaka inayofanywa na seremala siku asipokuwa na kazi ya kitanda. Bunge la Kongo limeshapitisha sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, iliyotiwa saini Mei 2022. Sheria hiyo itafika Nyangwe siku atakapokuwapo kijana anayejua kuchora upinde wa uzi wa sentimita 90 na ule wa 60, anayejua kwa nini tofauti hiyo ni kubwa, na anayelipwa kwa kuijua.

Kifaa chenyewe hakidumu na mtoto mmoja, na hakipaswi. Kiti cha pembe alichokaa Januari kitambana Desemba, na ubao wa mizani aliouogopa atauchoka. Vitarudi kwa fundi, na mtoto mwingine atakuwa anangoja. Hapo fundi wa haraka humkabidhi mama wa pili kama vilivyo. Fundi mwema huvipokea, huvifungua skrubu, humwita mtoto mpya akae benchini, na huanza tena kufunga mafundo kwenye uzi.